Kipimo

Miaka kumi na tisa hapa Makoroboi
nimepima watu kwa futi kamba ya manjano:
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Najua bega la kushoto la mwalimu Bugumba limeshuka.
Najua nani ananyonyesha kabla hajaniambia.
Titi langu sikulipima.

Kule kilimani, daktari Ndaki alichora duara nyuma ya bahasha.
"Saratani hii haina vile vishikizo vitatu
ambavyo dawa tulizozizoea hushikilia.
Ndiyo maana inakwenda mbio."
Vishikizo. Hakujua anaongea na fundi.
Niliona blauzi iliyoachia wazi, upepo unaingia.

Wanajaribu, alisema, dawa ya kukatwa
kwa kipimo cha kila mtu.
Basi kipande changu kikapanda ndege, mimi sijawahi kupanda,
ndani ya boksi la barafu, kama minofu ya sangara,
kikasomwe herufi kwa herufi huko kinakosomwa.

Fomu ilikuwa kurasa kumi na moja.
Limi, binti yangu, alinisomea;
akifika kwenye madhara anapunguza sauti
kama mtu anayepita msibani na redio.
*Unaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu.*
Mstari huo nilimwomba aurudie.
Katika ndoa yangu haukuwamo.

Kisha likaja hili: kompyuta itapiga kura.
Nusu yetu tutapewa dawa ya kipimo,
nusu ile ya siku zote,
na chupa zote zina rangi moja.
Nikamwuliza, unanipima, halafu unanipa mtumba?
Alinyamaza. Dirishani ziwa lilikuwa jeupe kama bati.
"Bila nusu ile," akasema, "hatutajua kama vazi linasitiri."
Sikumpenda kwa jibu hilo.
Nilimwamini.

Mimi ni 017.
016 alikuwa Kwandu wa Kayenze, muuza dagaa.
Dripu zetu zilidondoka kwa kupokezana.
Alinuka dagaa hata akioga, akawa anaona haya;
nikamwambia harufu hiyo peke yake
ndiyo tumbo langu linayoivumilia.
Akacheka mpaka nesi akageuka.
Siku hiyohiyo nilimpima, amekaa, mpira wa dripu mkononi,
gauni la Pasaka, mikono mirefu.

Machi kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine.
Namba yake hakupewa mtu.

Wiki ya ishirini.
Uvimbe ulikuwa sentimita nne nukta mbili,
sasa moja nukta tisa.
Namba za namna hii nazielewa: nilizichora kwa chaki
juu ya meza ya kukatia, moja kando ya nyingine,
nikakaa nazo mpaka umeme ulipokatika.
Ni dawa gani iliyofanya, sijui. Ndaki naye hajui.

Gauni limekunjwa chini ya cherehani,
limekatwa, halijaunganishwa, pini zimo.
Wateja wawili wameulizia kitambaa.
Nimewaambia halitawatosha.