Daktari wa Sura ya Tisa

Naogopa damu. Hilo nimemficha mchapishaji,
nimewaficha na wasomaji wanaoniandikia
kuniuliza kipimo cha dawa ya presha.
Kuku wa Idi huchinjiwa kwa jirani, Mama Sekiondo;
mimi huwa uani, naanika kanga zilizokwisha kukauka.

Riwaya sita za madaktari nimeziandika
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
juu ya cherehani ya marehemu mavyaa,
mguu ukikanyaga pedali isiyoshona kitu
kila sentensi inaponigomea.

Asubuhi napanda baiskeli hadi Bombo.
Homa sina, cheti sina.
Nakaa benchi la wagonjwa wa nje, naokota.
Nimeokota daktari anayevua saa kabla ya kumshika mtoto,
muuguzi anayekunywa uji kwa kisahani, wima,
mkono uliochoka kuandika "rudi Jumatatu"
mpaka ile J imekuwa ndoana.
Bwana Kihiyo wa masjala keshanizoea:
"Karibu, mgonjwa wa kudumu."

Alipofariki mume wangu, daktari alisimama mlangoni
na funguo za gari mkononi.
Alisema maneno yote yanayopaswa kusemwa.
Funguo ndizo zilizolia.
Sikumchukia; koridoni walimngoja watu kumi na wanne, niliwahesabu.
Ila sauti ile ilinikaa sikioni miaka mitatu
kama maji ya kuogelea.

Ndipo nikamtunga Daktari Singano.
Sura ya tisa, anatia funguo mfukoni, anavuta kiti.
"Mama, naomba nikae kwanza."
Halafu kimya, ukurasa mzima,
hadi yule mama amalize kufunga kanga yake upya.
Mhariri akaandika pembeni, wino mwekundu:
*Polepole mno. Daktari gani ana muda huo?*
Nikaandika chini yake: *Wangu.*

Masika haya wamemlaza mama yangu.
Mvua ilipiga bati tangu alfajiri,
nami benchini, safari hii na cheti,
sikuokota kitu.
Akatoka kijana, koti limekatika kifungo,
umri wake sawa na kitabu changu cha pili.
Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kiti hakuna.
Akaivuta ndoo ya kudekia, akaipindua,
akaikalia, magoti karibu yamguse kidevu.
"Mama," akasema, "naomba nikae kwanza."

Sikumwuliza kayatoa wapi.
Huenda ni kabati la vitabu la shule fulani huko Muheza,
kurasa zimeliwa na mende, jalada hakuna.
Huenda mwalimu wake alimfunza, na mwalimu naye alifunzwa.
Au ni adabu tu ya kwao, ya bibi yake,
na mimi miaka yote hii sikubuni lolote,
nilichelewa tu kuliona.

Niliitazama mikono yake.
Palikuwa na damu kidogo, ukingoni mwa ukucha wa gumba,
pale ambapo sabuni huwa haifiki.
Damu ya mama. Yangu pia, ukihesabu vizuri.
Sikugeuza uso.

Nikafungua kanga, nikaanza kuifunga upya,
polepole mno.
Akangoja.