Taa ya Beseni

Chumba changu kiko Oli, mjini Arua, nyuma ya mashine ya kusaga,
futi kumi kwa kumi na moja.
Godoro nimelisimamisha ukutani
kama mgeni ambaye hajaambiwa aketi.
Mashine ikinguruma, sakafu inatetemeka na kamera nayo,
kwa hiyo napiga picha kati ya debe na debe.

Hesabu niliiandika nyuma ya risiti:
balbu mbili nyeupe, wati kumi na tano kila moja;
beseni la aluminiamu lililotoboka, bure, la mama mwenye nyumba;
mpini wa fagio, kopo la rangi,
saruji niliyoomba kwa mafundi wa jirani,
hiyo ndiyo miguu ya taa.
Shuka ya mitumba yenye jina la hospitali ya nchi nisiyoijua,
nimeifua mpaka jina limebaki mnong'ono.
Foili ya kufungia chapati,
nimeibandika kwenye katoni ya biskuti kwa uji wa muhogo.
Panya wamekula pembe moja.
Bado inafanya kazi.

Nani alinifundisha? Makosa.
Jioni ya kwanza taa niliiweka wazi, juu ya lenzi,
Ezati akatoka kama mtu aliyefumaniwa na kuku kwapani:
paji linawaka, mashavu ya majivu,
kivuli kirefu nyuma yake kinamcheka,
na ukuta wangu wa buluu umempaka buluu kidevuni.
Alilipa nusu.
Alikuwa na haki.

Halafu akaja Driwaru, mshona magunia wa sokoni,
amevaa gomesi ya kuazima, mkanda umefungwa upya mara mbili.
Hakuketi. Alinipa kitambulisho chake.
"Kijana, mimi kwenye picha huwa sipo.
Tazama. Meno, macho, na usiku."

Nikataka kuongeza mwanga.
Mkono ulishafika kwenye swichi
alipogeuka kumkemea mbuzi mlangoni,
na weupe wa mlango, mpana, usio na haraka,
ukateleza toka kwenye paji hadi taya
kama maji yanavyopita juu ya jiwe la mto Enyau.
Nikaona mfupa wa shavu.
Nikaona rangi tatu za weusi, na ya nne chini ya jicho.

Kumbe ngozi hii hailii njaa ya taa.
Inataka upana.
Inataka kitu kikubwa cha kukiakisi.

Basi nikautundika mlango wangu wa pili:
shuka kwenye kamba, ubavuni pake,
karibu kiasi cha kumgusa sikio,
beseni nyuma ya shuka, limeinama kidogo.
Upande wa kivuli, mtoto wa mama mwenye nyumba
akashika katoni ya foili usawa wa kiuno,
akilalamika kwamba mkono umekufa.
Jirani akachomeka pasi. Balbu zikakonyeza.
"Usicheke, usinune," nilimwambia.
"Subiri tu mashine inyamaze."

Tukasubiri.
Debe la mtu lilikuwa halina mwisho.
Driwaru akachoka kuwa picha,
mabega yakashuka, mdomo ukarudi mahali pake,
akaanza, nadhani, kuwaza deni, au mvua, au uzi.
Mashine ikanyamaza.
Nikabonyeza.

Aliikinga skrini kwa kiganja, akaitazama kimya.
Kidole chenye alama za sindano
kikagusa mstari mdogo chini ya jicho.
"Kovu hili nilikuwa nimelisahau."
"Nilifute?"
"Likae. Nilianguka nalo nikiwa nimembeba binti yangu.
Yuko Juba. Hii mtumie yeye."

Akajipangusa jasho la mdomo wa juu,
akaketi tena, bila kuambiwa, akitazama shuka.
"Sasa piga yangu.
Na hiyo taa yako ya kufulia, usiisogeze."

Nje, mtu alikuwa akimimina mahindi.