Nyuzi Kumi na Tisa

Unaniuliza, binamu Mwewa, toka huko Kitwe,
kwa nini nisiagize tu, kebo ije kwa ndege
imefungwa plastiki, ina namba, ina dhamana.

BSA ya baba ilivuka Kasumbalesa
akiiendesha mwenyewe, mama nyuma, cherehani katikati.
Pikipiki za siku hizi kebo zake zimejaa soko la Kenya,
Kenya mtaa, si nchi,
zinaning'inia kama utumbo buchani.
Nilinunua tatu. Moja fupi kwa shubiri. Moja nene.
Ya tatu chuchu yake ilicheza ndani ya wenzo
kama jino la mtoto wa miaka sita.

Basi nikaketi.

Kwanza uzi wa katani, si waya.
Niliufuatisha toka mkononi, chini ya tangi, hadi sanduku la gia,
na usukani sikuuacha umenyooka.
Usukani ulionyooka ni mwongo.
Ugeuze kulia mpaka ugome, kushoto mpaka ugome,
hapo ndipo uzi husema haja yake.
Kebo iliyopimwa kwa njia nyoofu
itajivuta yenyewe kwenye kona ya kwanza,
na kona ya kwanza toka kwetu Katuba ina mtaro.

Waya una nyuzi kumi na tisa zilizosokotana.
Pale pa kukatia, paka lehemu kabla ya kukata,
la sivyo zitafumuka, kila uzi ushike njia yake
kama ndugu baada ya matanga.

Chuchu ndiyo kazi. Mji mzima umesimama juu ya shaba,
mlima mweusi wa mabaki unatutazama kila asubuhi,
nami nilihangaika siku mbili
nikitafuta kipande cha ukubwa wa punje ya hindi.
Nilikipata kwenye bomba bovu la mama Honorina.
Tupa, keekee ya mkono, tundu;
upande mmoja nikalipanua mithili ya faneli,
maana waya haushikwi kwa kubanwa.
Hupitishwa, kisha kichwa chake huchanuliwa,
nyuzi zote zijikunje kidogo,
ua la chuma lisiloweza kurudi lilikopita.
Lehemu huja kujaza tu. Linaloshika ni ua.

Umeme ulikatika saa kumi na mbili. Sikuuhitaji.
Mbabula, makaa, kopo la nyanya, risasi na bati.
Nikachovya kijiti: kikigeuka kahawia bila kuwaka, imeiva.
Nikachovya chuchu. Nikahesabu hadi nane.
Harufu ya asidi ikapanda puani,
na hiyo, binamu, ndiyo harufu ya baba,
si tumbako, si sabuni.

Nikaivuta kwa uzito wangu wote, mguu ukutani.
Haikutoka. Ncha ya pili nayo haikutoka.
Nilicheka peke yangu hadi Kyungu, jirani, akauliza kulikoni.

Ndipo nikaiona mezani, kando ya kikombe,
imetulia kama mgeni asiye na haraka:
skrubu ya kurekebishia,
ile ya kuvishwa kabla ya ncha ya pili kufungwa.
Ikishafungwa, hakuna mlango.

Baba alikuwa na neno la saa kama hiyo. Silitii hapa.
Nililisema mara mbili.
Nikakata. Waya ukapungua kidole,
na ala nikaipunguza kidole, wasije wakagombana.
Urefu wa akiba ulikuwepo: alinifundisha
kuliachia kosa langu nafasi.

Usiku niliitundika msumarini, faneli ya karatasi juu,
mafuta tone kwa tone,
nikalala kitini hadi chini lilipotokeza tone,
jeusi, halafu jingine, safi.

Alfajiri nilibana klachi kwa vidole viwili.
Sauti sina ya kukusimulia.
Kitu kiliachia kitu, taratibu,
na kuku wa Kyungu hawakukimbia.

Ukitaka bado kunitumia kitu, nitumie waya,
mita kumi, wa milimita mbili.
Dhamana baki nayo.