Mkasi

Jana ulikuwa hapa, pembeni mwa cherehani,
umefumba mdomo kama mtu aliyekula akashiba.
Leo hapa pana chaki, pini tatu, utepe wa kupimia,
na alama yake kwenye vumbi:
pete mbili na ulimi mrefu.

Nimeuliza. Mtu akipotelewa huanza na watu.
Masalu anasema sijauona,
hakuinua hata macho kwenye redio.
Kulwa anasema muulize Doto.
Doto anasema, mkasi upi?
kana kwamba nyumba hii ina mikasi
kama Mabatini ilivyo na mawe.

Basi nimehamia kwa vitu.
Chini ya kitanda: kandambili ya kushoto.
Ya kulia tuliitupa mwaka jana
kwa kuwa haikuwa na mwenzake.
Nyuma ya kabati: kijiko, risiti ya Luku,
jino la Doto alilolificha
ili lisirushwe juu ya bati.
Kwenye debe la mchele nimezamisha mkono hadi kiwikoni
nikaibuka na ufunguo wa lile kufuli
tulilolivunja kwa jiwe, usiku, wageni wa msiba wakiwa mlangoni.
Nimeushika kidogo. Nimeurudisha mchelini.
Sijui ningeuweka wapi pengine.

Humu ndani kila kitu kinapatikana
isipokuwa kinachotafutwa.

Mtafutaji hachoki, walisema wahenga, na akichoka keshapata.
Wahenga hawakuwa na gauni la harusi la kukabidhi saa kumi,
mita sita za satini ya Perusi wa Nyakato
ambaye ameshanitumia ujumbe mara mbili,
na ule wa pili hauna salamu.

Nimetoka hadi nyuma ya choo,
nimepanda mwamba tunaoanikia nguo,
nimepekua mifuko ya suruali zilizolowa.
Kutoka pale ziwa linaonekana lote,
jeupe, tupu,
kama meza ya mtu asiyepoteza kitu.
Nimelichukia kidogo.

"Utauona ukiacha kuutafuta," anasema Masalu.
Haya.
Nimeketi. Nimejifanya sina shida nao.
Nimetazama dari, nimehesabu mbao,
nimepiga mluzi kama mtu aliyelipwa madeni yake yote.
Kisha nikageuka ghafla.
Wapi!

Saa sita honi ya meli imelia bandarini
na Leokadia wa jirani amebisha hodi uani,
mkononi kitu kilichoviringishwa gazeti.
"Mama Kulwa, ahsante, umenifaa sana.
Kisu changu siku hizi hakikati hata maji.
Umeme ulipokatika jana nilikuja mbio,
baba watoto akanipa."

Baba watoto ameongeza sauti ya redio.

Umerudi unanuka sato.
Mkasi wangu, wa kunoa kwa miadi,
usiogusa karatasi, usiogusa kucha za mtu,
umekesha ukikata mapezi!
Nimeusugua kwa majivu, nikausugua kwa ndimu,
nimeunusa, nikausugua tena.
Halafu nimeingia kwenye satini bila kuvuta pumzi,
nao ukatembea, krr, krr, krr,
kama ambaye hakwenda popote.

Perusi amefika saa kumi kasoro.
Amejizungusha mbele ya kioo mara tatu,
mara ya nne amesimama,
ameinamia pindo, kidole kimegusa kitu kinachong'aa,
cheupe, kidogo kuliko kucha ya mtoto mchanga.
Moyo wangu umeshuka hadi kwenye kanyagio la cherehani.

"Kishanga hiki," anasema, "ni kimoja tu?
Ningependa na upande wa pili."

Nikamwambia kaa, dada, nakuja.
Nimevuka ua, nimesimama mlangoni kwa Leokadia
kuomba gamba moja la sato,
moja tu, safi.
Leokadia ameshika kiuno,
ametazama beseni, ametazama ungo,
ameinua gunia, ameangalia chini ya jiko.
"Jamani," anasema,
"si yalikuwa hapa hapa sasa hivi?"