Ukuta wa Mbele

Gonga. Ndiyo, hapo, chini ya dirisha.
Umesikia? Udongo na samadi ya farasi,
niliukanda kwa visigino vyangu mwenyewe
mwaka ule Opanas alipovunjika mguu.
Sasa niambie tena, mgeni, ulivyosikia huko Riga:
kwamba kijiji chetu kilikuwa mbao na rangi,
kwamba kilikunjwa usiku kama turubai
kikakimbizwa kando ya mto, kumtangulia malikia.

Sitakudanganya. Walikuja.
Luteni mmoja mwenye mafua, na mapipa sita ya chokaa.
Akasema: upande unaotazama Dnipro tu.
Nikamuuliza, na huku nyuma, anakolala nguruwe?
Akacheka, akapenga kamasi:
"Mama, malikia anapita kwa mto, hapiti kwa nguruwe."
Basi tukapaka. Uso mweupe, kisogo cheusi,
nyumba nzima ikawa kama bwana harusi
aliyenawa uso akasahau shingo.

Wakatugawia vitambaa vyekundu
(vilirudishwa, vyote, kwa hesabu).
Ng'ombe wa Hapka wakaongezewa ng'ombe
tusiowajua, wenye chapa ngeni,
waliolia usiku kucha wakiita ndama wao
walioachwa kijiji cha pili.
Hilo ni kweli. Liandike.

Mei ikaja na merikebu, makasia mekundu,
zumari, mizinga ya heshima, bata mwitu wakatimka.
Nilisimama chini ya mierebi na wenzangu
nikapunga kitambaa. Nilitabasamu pia.
Yavtukh wangu alikuwa na siku tisa kaburini,
na kaburi liko nyuma ya nyumba, upande usiopakwa.
Juu ya sitaha mtu alinielekezea darubini.
Niliona kioo chake kikimeta, mara moja,
kisha kikahamia kwa ng'ombe.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi.
Uongo huu lakini ulipanda farasi wa posta,
ukala Warshawa, ukalala Paris,
na jina la mkuu yule aliyetuma chokaa
limekuwa neno, wasema, la kila chenye uso bila tumbo.
Kama kaonewa, ana wasomi wa kumtetea.
Mimi je? Ndani ya neno hilo mimi ni ubao.
Mimi ni rangi iliyopewa kitambaa ipunge.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Na sisi tuliosimama nchi kavu?

Kula, supu inapoa.
Mvua za miaka zimeilamba chokaa ile;
imebaki hapa, chini ya upenu, kiasi cha kiganja.
Ukimaliza nitakupeleka nyuma.
Hakuna cha kutazama. Nguruwe, majani, jiwe dogo.
Gonga na huko.