Majimbi ya Raya

Raya alipokwenda Unguja kusomea ukunga
aliniachia vyombo sita uani, baina ya kisima na jiko,
pale kivuli cha mfenesi kinaposhinda kutwa:
sufuria mbili zilizotoboka, ndoo ya rangi isiyo mkono,
kopo la maziwa ya unga, karai la zege,
na beseni la harusi yetu, lenye ufa.

Ndani mna majimbi. Si haya ya kuchemsha
yakaliwa kwa chai. Haya hayaliki.
Jani lake moyo, jeupe, mishipa kijani,
na katikati wekundu
kama kiganja kilichofutwa hina jana usiku.

Akaniusia, mkoba begani, gari ya Mkoani inapiga honi:
"Jua la asubuhi, kidogo, kama salamu.
La mchana, usithubutu.
Maji yasikauke, maji yasituame.
Uliyooshea mchele ndiyo yanayopenda.
Kumbi za nazi zilizooza, uzifikiche kwa mkono.
Na Faki,
usije ukatia makonyo."

Mimi fundi baiskeli, Wete, Limbani.
Mikono yangu inajua mnyororo na kiraka.
Wiki ya pili nikatia makonyo.
(Yalikuwa bure, gunia zima, na yananukia.)
Kingo za majani zikaungua kama karatasi.
Nikayachokoa usiku, moja moja, kwa bisibisi,
tochi mdomoni.

Hamad Shaame alichungulia juu ya ua wa makuti:
"Fundi, jimbi lisiloingia chunguni
walilisha maji ya nini?"
Nikamwambia, la macho hilo.
Akacheka mpaka akakohoa.
Kesho yake akarudi kutazama,
na keshokutwa akaja na mkewe.

Nikajifunza. Konokono hutoka baada ya isha.
Kuku wa jirani hana haya.
Jani jipya huja limesokotwa, jembamba kama spoki,
ukilikunjua kwa pupa linachanika,
ukiliacha linajikunjua lenyewe
wakati umeinama kutafuta nati.

Kisha kaskazi.
Kisima kikashuka, kamba nikaiunga.
Jani moja likalala, la pili, la tano,
manjano, halafu kama tambi zilizopikwa zikasahauliwa.
Mwishoni mwa Januari nilikuwa na vyombo sita vya udongo.

Simu ikalia Ijumaa.
"Hawajambo wanangu?"
Hawajambo, nikasema.
"Wamechanua rangi?"
Wamechanua, nikasema,
na uongo ule ukaniwasha kooni
kama nimelitafuna jimbi lenyewe.

Bi Mize wa nyumba ya tatu ndiye aliyenishika mkono,
akakididimiza kidole changu ndani ya karai,
chini, chini zaidi, mpaka nikagusa
kitu kigumu, cha mviringo, baridi.
"Amekufa huyu?"
Sikujua.
"Aliyekufa huwa teketeke. Huyu kalala.
Mwache. Maji kidogo tu, ya kulowesha midomo.
Watu wa mabaiskeli mna haraka."

Februari yote nilikaa na vyombo vitupu
nikivipa kivuli visichokiomba.
Wateja wakiuliza, nawaambia pana mtu amelala.

Mvua ya kwanza ya masika ilipiga bati alfajiri.
Siku ya tisa, katika ndoo, ncha ya waridi.
Siku ya kumi na moja, karai na kopo.
Halafu sufuria zote mbili, kwa fujo, kama watoto wa chuoni
mwalimu akitoka.

Nikampigia Raya nikamwambia yote,
la makonyo, la bisibisi, la Ijumaa ile.
Alinyamaza. Nilisikia feni ya bweni ikizunguka.
Akasema, "Nilijua. Kila mwaka hulala.
Nilisahau kukwambia."
Kisha: "Na la beseni?"

La beseni halijatoka.
Leo Mei tatu. Sijathubutu kutia kidole.
Naosha mchele wa mtu mmoja,
maji yake nayagawa mafungu sita.