Pingili

Fundi Ndewirwa aliilaza cheni yangu sakafuni
kando ya mpya, kichwa kwa kichwa,
akahesabu kwa bisibisi: pingili mia na kumi na mbili,
na hii, mia na kumi na mbili.
Idadi ni ile ile.
Lakini mkiani ya zamani ilimzidi mwenzake
upana wa kidole gumba.

"Chuma hakikurefuka," alisema, "usidanganyike.
Ni matundu. Kila tundu limepanuka unywele mmoja.
Zidisha."

Mimi ni wa maandazi. Saa kumi alfajiri natoka Pasua,
ndoo mbili kwenye keria, kusini hadi kwenye miwa,
kilomita kumi na nne kwenda, kumi na nne kurudi.
Wakichoma shamba usiku, asubuhi masizi yanatua
juu ya mifuniko, juu ya kilemba changu, juu ya cheni.
Nami cheni naipaka oili chafu ya trekta, kwa ukarimu.
Ukarimu wangu uliokota masizi,
masizi yakaokota vumbi,
nikawa nasaga cheni yangu mwenyewe
na kushangaa kwa nini inalia.

"Futa kwanza," akanifunza. "Mafuta ya taa, mswaki mkuukuu.
Kisha tone moja kwa kila pingili, ndani penye pini.
Nje futa tena, mpaka kitambaa kirudi kisafi.
Cheni hainywi kwa ngozi."

Nililipa elfu kumi na nane, nikaondoka na cheni
inayong'aa hata nikaona haya kuichafua.

Kwenye tuta la reli nilisimamia pedeli.
Ta! Ikaruka. Ta! Tena.
Goti likala usukani, ndoo moja ikalala,
maandazi arobaini yakajifunika vumbi
kama yaliyonyunyizwa sukari.

Ndewirwa hakucheka. Alipitisha kidole kwenye meno ya nyuma:
yamepinda, kila jino ndoana.
"Haya yalizeeka na ile. Hii hayaijui.
Nilikwambia ununue na fraiwili."
Kweli aliniambia. Nilijidai sikusikia; sikuwa nayo elfu tisa.

Usiku huo nikafungua daftari.
Bukuru, mkata miwa: mia tatu. Bukuru: mia mbili. Bukuru: mia mbili na chai.
Nakiete wa palizi: mia nne.
Yule wa mzani asiyetaja jina: mia, mia, mia.
Hakuna aliyenidhulumu. Hakuna hata mmoja.
Kila mtu unywele.
Nikazidisha:
elfu thelathini na moja, mia mbili.

Ijumaa ya mshahara nilisimama penye mzani,
daftari wazi, ndoo zimefungwa.
Nakiete alilipa yote, akanuna.
Wa mzani alipita kwa nyuma.
Bukuru alinihesabia alichokuwa nacho,
kisha akashusha panga, akanikatia muwa kwa urefu wa mkono,
"Huu wa barabarani, mama."

Sasa nina fraiwili. Narudi Pasua jua likiwaka,
na chini yangu hakuna kinacholia,
kimya mpaka nasikia matairi yakila mchanga.
Muwa nautafuna nikiendesha mkono mmoja,
pingili baada ya pingili,
makapi nayatema mbali na cheni.

Bukuru bado nadai mia tano.
Muwa sikuutoa kwenye hesabu.
Nimeandika.